Jinsi ya Kuonyesha Siku Moja ya Kipupwe katika Tembe la Unyanyembe, Mwaka 1872

Mwalimu wa historia au kikundi cha utamaduni kinachotaka kuwaonyesha wageni wa Kwihara, karibu na Tabora katika nchi ya Unyanyembe, jinsi tembe kubwa, yaani jengo la udongo lenye paa bapa na ua, lilivyosimamiwa zamani hakihitaji mandhari ya vita wala msafara wa watu mia. Kinachohitajika ni siku moja ya kipupwe na mtu wa kushika nafasi ya msimamizi anayejua kupima na kuhesabu. Chagueni Juni au Julai 1872. Miezi hiyo mmisionari na msafiri Mskoti David Livingstone alikuwa Kwihara akiwasubiri wapagazi ambao mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikwenda kumtafutia pwani, na vita kati ya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora, vilivyopamba moto mwaka uliotangulia, vilikuwa havijaisha. Kwa sababu hiyo kazi ya msimamizi siku ile haikuwa kupanua shamba, bali kuhakikisha kwamba kilichomo ghalani kinafika hadi mvua za Novemba.

Anzeni alfajiri. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi, kwa hiyo watu waonekane wakiota moto uani, wamejitanda shuka. Salamu iwe ya mahali penyewe, yaani "Mwangaluka", na mwanamke mzima aitwe "mayu". Kisha msimamizi azunguke jengo akiwa na fimbo, akigonga nguzo moja baada ya nyingine, kwa kuwa nguzo iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi hata kama nje inaonekana nzima. Apande pia juu ya paa, ambalo ni bapa, la miti iliyotandazwa nyasi na kufunikwa udongo, atafute nyufa na kuagiza zikandikwe siku hiyohiyo. Ufa unaopuuzwa wakati wa kiangazi ndio unaoozesha mtama mwezi wa Januari.

Sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote ni ugawaji wa posho, na kwa maoni yangu maonyesho mengi hushindwa hapa kwa sababu hutumia magunia matupu. Tumieni mtama halisi na kibaba halisi, yaani chombo cha zamani cha kupimia nafaka. Kiasi kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, na vibaba vinne hufanya pishi moja, hivyo tembe lenye watu 40 lilitumia pishi 10 kila siku. Msimamizi ajaze kibaba kisha apitishe kiganja juu ya ukingo ili punje za ziada zirudi kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti ambamo Wanyamwezi walihifadhi nafaka. Wageni waone tofauti kati ya kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kufurika, waulizwe wao wangependa kupokea kipi, na hapo hawatahitaji kuelezwa kwa nini ugomvi mwingi ulianzia mlangoni mwa ghala.

Msifiche ni nani waliokuwa wakipokea posho hiyo. Mashamba ya matajiri wa Tabora yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa, wengi wao waliotoka mbali, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na tembe linaloonyesha baraza ya bwana na kahawa yake bila kuwaonyesha hao linasema uongo. Wanyamwezi waungwana, kwa upande wao, walilima masika na kubeba mizigo kiangazi, kwa hiyo vita vilipokuwa havijafunga njia, vijana wengi wa kiume walikuwa safarini wakati huu, na msimamizi aliyetaka mikono ya ziada ya kukandika paa hakuwa na budi kulipa nguo. Merikani, yaani kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ipimwe kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Mpokeaji mwenye akili humleta ndugu yake mrefu aje kupima.

Mchana kuna kazi ndogondogo ambazo zinaweza kwenda pamoja. Wanawake wakate viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya paa viwe michembe, mtu mmoja amwagilie bustani ya vitunguu bondeni, mwingine afyeke nyasi kuzunguka tembe ili moto wa porini usifike ukutani. Asali ya mizinga na chumvi ya Uvinza vikipatikana, vipokewe na kupimwa, maana chemchemi za Uvinza zilichotwa kiangazi, mafuriko ya mto yalipokuwa yamepungua. Jibini pia ina nafasi yake, ingawa wengi hawatasadiki: Livingstone aliitengeneza hapohapo Kwihara kwa ajili ya safari yake, ambayo hatimaye ilianza tarehe 25 Agosti.

Kabla jua halijatua, ng'ombe waingizwe uani, watu wahesabiwe kwa majina, na lango lifungwe kwa gogo, kwa kuwa mwaka uliotangulia watu wa Mirambo walikuwa wameichoma sehemu ya Tabora. Mtama uliopimwa asubuhi usirudishwe dukani; usagwe kwa jiwe mbele ya wageni na upikwe ugali, kila mmoja apate sehemu inayolingana na kibaba alichokichagua.