Kabla hujauliza bei ya boti, uliza maji

Nyinyi mnaokuja Unguja likizo ya Agosti na watoto, someni hii kabla hamjamrushia mtu pesa ya boti. Mie nimezaliwa Malindi ya hapa Mji Mkongwe, nimeoga Forodhani tokea navaa kaptula ya skuli, na bado nimekuja kuokolewa juu ya fungu la mchanga baharini kama mgeni wa jana, kwa hio hapa sihadithii vya kusikia.

Mepesi kwanza tuyamalize. Ukiwa na pasipoti ya nje kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, imeanza Oktoba 2024, ilipe mtandaoni kabla hujapanda ndege na usisimame pale kaunta unabisha kwamba bibi yako kazikwa Mwanakwerekwe, wanaangalia pasipoti tu. Kisiwa cha Changuu nendeni kwa kobe, wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli 1919, watoto watafurahi, saa mbili zinatosha. Kisiwa cha Chumbe ni hifadhi, huendi kwa kujitokeza, unabuku mapema. Pomboo wa Kizimkazi ni alfajiri, na kusi ikivuma usilazimishe. Msitu wa Jozani kwa kima punju huhitaji boti wala papasi, yaani madalali wa wageni, daladala za Makunduchi zinapita mlangoni.

Sasa Nakupenda. Kale kafungu ka mchanga mweupe mbele ya Mji Mkongwe, kila mtu anakataka kwenye picha, na kila mtu wa Unguja anajua kwamba kanatoka maji yakikupwa na yakijaa kanaondoka. Mie pia nilikuwa najua. Nilichosahau ni kuhesabu.

Mtoto wa khalati yangu kaandika kwenye grupu la familia, "nina mtu wangu wa boti, mzuri, tumeni nusu tu ashike siku." Mie niko Southampton huku, nikatuma yote. Yote! Manake ukishatoka Ulaya hutaki watu waseme unabania. Siku yenyewe ikaangukia mwezi mpevu, yaani bamvua lenyewe, maji yanapokupwa sana na kujaa sana, na hakuna hata mmoja katika grupu la watu thelathini na kitu aliyeuliza. Tukaambiwa saa tatu asubuhi tuwe ufukweni, tukawa, watu kumi na sufuria la pilau na mama mkwe na watoto washapakwa mafuta ya jua, boti ikaja saa tano na nusu. Jaketi za kuokolea nne. Nikauliza, wakanicheka, "ushakuwa Mzungu wewe."

Hapo ndipo pa kusoma mara mbili. Siku za bamvua pale mjini maji hukauka kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni, na hayapandi sawasawa, saa ya kwanza yanatambaa tu, saa ya tatu na ya nne ndio yanakuja mbio. Sisi tumefika saa sita na kitu, yaani tumeteremka wakati maji yanajitayarisha kukimbia. Kepteni katushusha kasema "narudi sasa hivi, nampeleka mgeni mmoja Changuu." Saa saba na nusu fungu limebaki kama majamvi mawili. Boti nyengine zote zishaondoka, makepteni wao wanajua saa zao. Saa nane mama mkwe kakunja buibui magotini, mtoto mdogo yuko begani kwangu, sufuria liko kichwani kwa shemegi, na simu ya kepteni haipatikani. Aliyetutoa ni mvuvi mmoja na mashua yake anarudi zake mjini, pesa kakataa, kachukua pilau.

Kesho yake nikaenda kushitaki, nimejaa hasira za Kiingereza. Ofisini naulizwa boti namba ngapi, sijui. Kampuni gani, sijui. Risiti? Nikatoa simu nikaonyesha muamala, na muamala una jina la nani? La mtoto wa khalati yangu! Kisheria aliyeniacha baharini ni damu yangu mwenyewe. Kumbe pesa imetoka kwake ikaenda kwa papasi, papasi kampa papasi mwenziwe, na kepteni nilipompata kaniambia bila ya kupepesa kwamba alipewa ya mafuta na kidogo juu, sasa angeishi vipi bila ya kubeba mgeni wa pili? Nilitaka kumtukana nikakosa neno.

Kwa hio narudia, usitume yote. Usitume yote hata kama anayeomba ni ndugu yako, tena khasa akiwa ndugu yako, manake utashindwa hata kudai. Toa kidogo, nenda mwenyewe ufukweni jana yake, muone kepteni uso kwa uso, piga picha namba ya boti, hesabu jaketi kabla ya watu kukaa, na mwambie kabisa boti inakaa na nyinyi haiendi popote. Iliyobaki unamlipa yeye, mkononi, mkisharudi nchi kavu.

Na tarehe usichague kwa kalenda ya ukutani, uliza mwezi mwandamo ngapi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, hapo ondokeni saa mbili na kabla ya saa sita watu wawe wameshapanda boti. Mwezi saba, nane, au ishirini na mbili hivi ni maji mafu, saa zinageuka, maji yanajaa asubuhi na hayakauki sana, huenda fungu lenyewe likawa dogo. Kila siku saa zinasogea karibu dakika hamsini, kwa hio alivyokwenda jirani wiki iliyopita hakukuhusu.

Jamaa wa nyumbani, msinikasirikie, lakini sisi ndio tuliozika watu wa meli zilizozama, wa Spice Islander Septemba 2011 na wa Skagit Julai 2012, halafu leo mtu akiuliza jaketi ni maringo ya Ulaya?

Huku Uingereza skuli ikimpeleka mwanangu ufukweni inakuja barua kurasa mbili, anaogelea, hali kitu gani, tupige simu ya nani, nilikuwa nazisaini huku nacheka. Southampton maji yao yanajaa mara mbili mfululizo, kituko, na watu wanazo jadweli za mwaka mzima. Sizicheki tena. Ila pia huku ukikwama, mtu anayetembeza mbwa wake atapiga 999 aombe walinzi wa pwani, atasimama akuangalie mpaka boti ije, na atakuwa kafanya sawa kabisa. Yule mvuvi wetu hakumpigia mtu. Mie siku ile sikuwa na karatasi ya hawa wala akili ya yule, nilikuwa na mtu anayejuana na mtu.

Juzi mtoto wa khalati kaandika tena, Disemba kapata mtu mwengine, mzuri kuliko yule, tutume nusu. Nikamuuliza siku hio itakuwa mwezi ngapi. Mpaka leo tiki mbili za buluu.