Sola ya kukunja kwa kambi ya gari: hesabu kwanza saa ambazo gari limesimama

Paneli iliyokunjwa nyuma ya kiti haizalishi umeme, hata jua liwake vipi. Ratiba ya kawaida ya Serengeti au Ruaha ni kutoka alfajiri, kurudi kambini saa tano hivi, kula na kupumzika, halafu kutoka tena saa kumi jioni. Ukiondoa muda wa kupanga na kukusanya vyombo, jua lako ni la kuanzia saa tano hadi saa tisa. Saa nne tu. Wauzaji hupenda kupiga hesabu ya jua la siku nzima, nawe ukiifuata utajikuta siku ya tatu maziwa yamechacha.

Anza na matumizi. Friji ya gari ya volti 12 yenye kompresa, ya lita 40, hula wati 45 hadi 60 inapozunguka. Kwenye joto la nyuzi 32 huzunguka karibu theluthi moja ya muda, kwa hiyo weka wati-saa (wati mara saa za matumizi) 400 kwa siku. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa nne ni 40. Simu tatu ni kama 45, na betri za kamera 15. Jumla ni wati-saa 500. Friji ndiyo mla umeme wa safari. Vilivyobaki ni makombo. Ipoze nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku mmoja kabla ya kuondoka, ijaze vitu ambavyo tayari ni baridi, uiweke kivulini na uiache kwenye nyuzi 4. Ukipakia kreti ya soda za moto saa saba mchana, kompresa haitapumzika hadi usiku.

Paneli ya wati 160 iliyotazamishwa jua vizuri hutoa wati 110 hadi 120 kwa uhalisia, kwa sababu seli zikifika nyuzi 65 hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu, na vumbi na nyaya nazo huchukua fungu lake. Kwa saa nne hiyo ni wati-saa 450 hivi. Pengo la 50 linazibwa na altaneta, yaani jenereta ya injini ya gari: chaja ya DC-DC ya ampea 20, inayopeleka umeme wa altaneta kwenye betri ya kambi, huingiza karibu wati-saa 250 kwa kila saa ya kuendesha. Hakikisha kwanza gari lako ni la volti 12, kwani zipo Land Cruiser za volti 24 na chaja yake ni nyingine. Siku za kuhama kambi altaneta peke yake inatosha. Paneli ina maana zaidi ukikaa mahali pamoja siku mbili au tatu.

Betri ya kambi ya lithiamu (LiFePO4) ya ampea-saa 100 (100Ah) inabeba wati-saa 1,280, na 1,000 kati ya hizo unaweza kuzitumia bila wasiwasi, yaani siku mbili za mawingu. Betri kavu ya risasi ya ukubwa huohuo ni nzito zaidi ya mara mbili, na ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara haidumu. Betri ya kuwashia gari usiiguse kwa friji ya usiku. Asubuhi utakuwa unasukuma gari, na mbugani hairuhusiwi kushuka ovyo.

Kufunga kuna mpangilio wake. Betri ikazwe kwa mkanda sakafuni, mahali penye hewa, mbali na bomba la moshi. Fyuzi ya ampea 20 ikae kwenye waya chanya, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye betri, maana waya ukichubuka na kupiga shoti kwenye bodi, kinachowaka ni kile kipande kisicho na fyuzi. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, iwe karibu na betri. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, ili isome volti za mfumo, chagua aina ya betri kwenye mpangilio wake (lithiamu hujaa kwenye volti 14.2 hadi 14.4), kisha ndipo uchomeke paneli. Wakati wa kuondoa, paneli itangulie. Baadhi ya kontrola hufa kwa kubaki na paneli bila betri.

Paneli nyingi za kukunja huja na kontrola ndogo ya PWM, ile aina rahisi, iliyobanwa mgongoni. Iruke. Ikiwa mita kumi kutoka kwenye betri, inasoma volti za juu kuliko zilizopo kwenye betri yenyewe, inadhani imejaa na kupunguza chaji mapema. Chukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli, uulete kwa waya wa milimita za mraba 6 hadi kwenye kontrola ya MPPT (aina inayovuna nguvu zaidi ya paneli) ya ampea 15 au 20 ndani ya gari. Kwa umbali wa mita 10 na ampea 9, waya huo hupoteza nusu volti. Wa 2.5 hupoteza volti 1.3.

Kuhusu kuitega: kuanzia Juni hadi Agosti, msimu wa kiangazi ambao wengi husafiri, jua la adhuhuri Tanzania liko kaskazini. Ruaha mwezi Juni inua paneli kama nyuzi 30 kuelekea kaskazini. Desemba ilaze karibu bapa, ikiinama kidogo kusini. Ukirudi kambini igeuze mashariki kidogo, na kufikia saa nane igeuze magharibi. Acha nafasi chini yake hewa ipite. Kivuli cha tawi moja la mgunga kinatosha kuua nusu ya umeme, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo gari likae kivulini na paneli iende juani. Ndiyo kazi ya waya mrefu. Ifunge kwa kamba na mawe, upepo wa mchana haubishi hodi. Kambi za umma za Serengeti hazina uzio: mchana usiiache bila mtu kwa sababu ya nyani, na usiku irudishe ndani, fisi hutafuna chochote chenye harufu ya mkono wa mtu. Ukingoni mwa Ngorongoro ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, usitegemee chochote kabla ya saa nne.

Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iache nyumbani ukiweza. Birika la wati 1,500 linavuta zaidi ya ampea 120 kwenye betri ya volti 12. Chai ipikwe kwa gesi.

Friji ikizima usiku huku betri ina chaji, kosa mara nyingi ni soketi ya kiberiti cha sigara na waya mwembamba. Kompresa inapowaka volti zinazofika kwenye friji zinashuka, nayo friji inajizima kujilinda. Ipe waya wake wa milimita za mraba 4 au 6 moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ya ampea 15. Pima kwa mita kwenye plagi ya friji ikiwa inazunguka: ikiwa pungufu ya betri kwa zaidi ya nusu volti, kiungo kimoja kimelegea au kimeota kutu.