Kutoka Jukwaani hadi Hewani: Mchekeshaji Anavyojiandaa Kuwa Mtangazaji

Mchekeshaji akipewa kipindi hudhani kaajiriwa kuchekesha. Kaajiriwa kutunza muda na kumfanya mgeni ang'are. Kicheko ni nyongeza. Wengi wanaoondolewa hewani baada ya msimu mmoja hawakukosa kipaji, walikosea hapo.

Anza na akiba ya vichekesho. Dakika 5 nzuri za jukwaani hunolewa kwa miezi, kisha hurudiwa ukumbi hadi ukumbi kwa sababu watu hubadilika. Redioni wasikilizaji ni walewale kila asubuhi. Kipindi kinachodumu saa 3, ukiondoa muziki, habari na matangazo ya biashara, kinaweza kukudai nusu saa ya maneno mapya kila siku. Ukiimwaga akiba yako huko, wiki ya kwanza utawaka na ya tatu utakuwa umekauka. Kwa hiyo ifungie kabisa. Ingia studio na mambo mawili matatu uliyoyaona jana, maoni yako juu ya kila moja, na swali ambalo msikilizaji anaweza kulijibu kwa simu bila kufikiri sana. Simu hizo ndizo zitakazokuchekeshea kipindi.

Redio itangulie televisheni kama una nafasi ya kuchagua, maana huko makosa hayana sura. Kaa umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, mdomo ukiwa pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kama kofi. Punguza sauti. Ukumbini unamsemesha mtu wa kiti cha nyuma kabisa, hapa unamsemesha mtu mmoja aliye jikoni au garini, kwa hiyo sema "wewe" na uachane na "mpo?".

Tatizo kubwa zaidi ni kimya. Jukwaani unatupa mstari, unanyamaza, kicheko kinakuja. Studio hakiji, na ukisubiri sekunde 3 msikilizaji anadhani mitambo imekatika. Tiba yake ni kuwa na mtangazaji mwenza anayecheka kwa dhati tu (kicheko cha kulazimisha hujulikana mara moja), au kupitiliza moja kwa moja kwenye sentensi inayofuata. Kujichekea mwenyewe ili kuziba pengo ndiyo dawa mbaya kuliko ugonjwa.

Maneno kati ya nyimbo yawe sekunde 30 hadi 90. Usifungue maiki kabla hujajua sentensi yako ya mwisho. Ukizungumza juu ya mwanzo wa wimbo, jua ni sekunde ngapi zimebaki kabla mwimbaji hajaanza, na umalize sekunde moja kabla yake. Kila baada ya dakika 10 hivi taja upya mada na jina la mgeni, kwani kuna aliyewasha redio sasa hivi. Matusi na kumchafua mtu kwa jina viache mlangoni. Vituo vingine huchelewesha matangazo ya moja kwa moja kwa sekunde chache ili fundi mitambo aweze kukata, lakini naye ana mikono miwili tu.

Televisheni huongeza sauti ya mtayarishaji sikioni wakati wewe unaongea. Jizoeze nyumbani: simulia kisa huku mtu akikusomea namba sikioni kwa kurudi nyuma, mpaka uache kutetereka. Maneno ya kusoma kwenye skrini yaandike upya kwa mdomo wako, sentensi fupi, na mwendeshaji wake afuate kasi yako. Nguo za mistari myembamba hutetemeka kwenye picha, na mkufu hugonga maiki ya kifuani.

Ukiongoza hafla ya kutangaza washindi, kadi zao ziombe mapema uone zilivyopangwa. Kwenye shindano la urembo la Miss Universe la Desemba 2015, mchekeshaji na mtangazaji wa Marekani Steve Harvey alimtangaza mrembo wa Colombia kuwa mshindi, kisha akalazimika kurudi kumtaja wa Ufilipino; jina la mshindi lilikuwa limewekwa kwenye kona ya chini ya kadi yenyewe. Isome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo.

Kwa mahojiano, andaa maswali 10 ukijua utatumia 4. Mtayarishaji akishampigia mgeni na kupata kisa chake kizuri, kazi yako ni kuuliza swali linalokifungua, kisha kunyamaza. Mgeni akipata kicheko, usikifunike kwa chako, hata kama chako ni bora. Na kwa kweli mara nyingi kitakuwa bora, ndiyo maana inauma. Utani wa kumgusa yeye usubiri mpaka acheke mara ya kwanza.

Demo ya kuombea kazi, yaani rekodi ya kuonyesha unachoweza, iwe dakika 2 au 3, muziki umekatwa, na kilicho bora kiwe ndani ya sekunde 15 za mwanzo. Weka mahojiano humo. Kipande cha jukwaani hakimwonyeshi mwajiri kama unajua kusikiliza.

Usilitupe jukwaa haraka. Harvey alianza uchekeshaji 1985, akapata kipindi chake cha redio 2000 na kile cha mchezo wa maswali kwenye televisheni, Family Feud, 2010, lakini onyesho lake la kuaga jukwaa lilikuwa 2012. Ila kipindi cha saa 12 asubuhi hukuamsha saa 10 alfajiri, kwa hiyo maonyesho ya usiku yahamishie mwisho wa wiki. Kabla ya kutia saini mkataba, hakikisha umeandikwa wazi kwamba unaruhusiwa kupanda jukwaani, na kwamba mhusika uliyembuni na vichekesho vyake vitabaki mali yako ukiondoka kituoni.