Namna ya kumurudisha mutoto ku masomo kama nyumbani feza haiko

Hapa Congo, tangu rantre (mwanzo wa mwaka wa masomo) ya 2019, masomo ya primeri ya Leta, ni kusema serikali, ni bure, hata katiba ya 2006 ilikuwa imeandika hivyo. Sasa kwa nini pale Katuba, mu Lubumbashi, saa tatu asubuhi batoto bado banazunguka na ndoo ku kichwa? Ju haikuwa minervali (feza ya kulipa masomo) peke yake yenye ilikuwa inabazuia. Mimi nilijua hii na mutoto wa dada yangu, nitakuambia vile tulifanya, chukua yenye itakufaa.

Mbele ya yote hesabu feza yenye mutoto analeta. Usianze na inifomu! Wetu alikuwa anauza maji ya sashe ku barabara ya Kasumbalesa, yenye inaenda ku mupaka wa Zambia, kule malori ya shaba na kobalti yanapanga mustari mpaka dereva anashuka kunyoosha miguu (utajiri ya inchi inapita mbele ya macho yake, yeye anabeba bidoni). Jioni anatoa franka ndani ya soksi, zimekunjamana na kulowana, mama yake anazinyoosha moja moja ku paja, ndipo anatuma mutu ku unga, na siku maji haikuuzika bukari (ugali) inakuwa ndogo. Ukimutoa pale na kumuweka mu kalasi bila kujaza ile nafasi, juma mbili tu utamukuta tena barabarani. Sisi tulikaa na mama yake, tukaona feza ya mutoto inanunua unga ya siku tatu mu juma, basi mimi na kaka yake mukubwa tukagawana kulipa ile unga. Omba pia vakasyo (zamu) ya asubuhi, ju masomo mingi yanagawa batoto mara mbili kwa siku sababu wamejaa, mchana atasaidia kazi ya nyumbani. Nimesema nyumbani, sikusema barabarani.

Karatasi sasa. Kuandikisha mutoto ku komini mbele ya siku 90 tangu azaliwe ni bure. Siku zikipita inabidi tribinali itoe hukumu, ile bantu banaita supletifu, na kule kuna kulipa na kuzunguka sana, basi anza mapema, beba karatasi ya maternite na karti ya electeur ya muzazi.

Feza ya inifomu, madaftari na viatu, usiitafute Septemba. Ingia mu likelemba (kikundi cha kuchanga na kupokea feza kwa zamu) tangu Aprili, omba zamu yako iangukie Agosti. Ukiweka franka 500 kila siku ya soko, siku 26 kwa mwezi, miezi tano ni 65.000. Shati nyeupe na suruali ya bluu nilitoa mu tombola (nguo za mitumba), nikapunguza mikono mwenyewe, hakuna mutu aliona.

Kuandikisha ku masomo nenda Agosti. Na ujue masomo ya Wakatoliki na Waprotestanti yenye yako na mukataba na Leta nayo iko mu ile bure, ila ya privé hapana. Wakikuomba feza ya kuandikisha, omba resi tu, kwa heshima. Mimi niliomba, papa diretere akakohoa, akafunga daftari, akaniambia mama tutaonana kesho, na ile kesho mutoto aliandikwa bila kitu.

Kama mutoto amekuwa mukubwa, miaka 11 na hajui a e i o u, usimulazimishe kukaa na ba miaka 6, atasikia haya na atakimbia. Uliza santre ya rattrapage, masomo ya batoto benye balichelewa, kule primeri ya miaka 6 wanaifanya mu miaka 3, na mwishoni anapasi ile ekzame ya sita sawa na wengine.

Mwezi wa kwanza ku masomo njo mugumu. Wetu alikuwa anabeba viatu ku mukono mpaka ku mulango wa masomo ndipo anavivaa, anaogopa vitaisha, nikamuacha. Kila Ijumaa nilipita kwa mwalimu kuuliza siku ngapi amefika. Wakikuambia hakufika Jumatatu, usimugombeze mutoto, anza kwa mama yake, uliza unga iliisha siku gani.