Jinsi ya kuwasimulia watoto katuni ya Kichina ya mwaka 1941

Filamu yenyewe inaitwa Tie Shan Gongzhu. Mimi huiita Binti wa Kipepeo cha Chuma, yaani kipepeo cha kupepea moto, si mdudu. Ndiyo katuni ndefu ya kwanza ya China: dakika 73, nyeusi na nyeupe, kazi ya ndugu mapacha Wan Laiming na Wan Guchan wa Shanghai. Maneno yake yote ni ya Kichina, kwa hiyo watoto wetu wanahitaji mtu wa kuwasimulia papo hapo, picha ikiendelea. Nimeifanya kazi hiyo mara nne uani kwa shangazi yangu hapa Tanga, na mara ya kwanza niliiharibu. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Itazame kwanza peke yako, mara mbili. Mara ya kwanza tafuta nakala yenye tafsiri chini ya picha, uielewe hadithi. Mara ya pili shika daftari uandike dakika na tukio, basi: "anapeperushwa", "anaingia tumboni", "kipepeo cha uongo". Usiandike mazungumzo. Kosa langu lilikuwa hilo. Nilitafsiri kila sentensi kama wale wanaotafsiri muvi kwenye vibanda umiza, na kabla ya dakika ya kumi watoto walikuwa wameacha kutazama shuka la kuonyeshea picha, wanatazama mdomo wangu. Wale mafundi wa vibandani wanaweza kwa sababu muvi zao ni za ngumi na risasi, na mtazamaji hakosi kitu akisikiliza. Katuni hii imechorwa kwa mkono, kwa hiyo kinachosema humo ni mwendo wa mikono, mikia na moshi. Ukisema sana, unavifunika.

Siku ya onyesho, usianze na filamu. Anza na jiko la mkaa na kipepeo cha ukindu, kile cha kawaida cha jikoni. Washa mkaa kidogo, kaa mbele ya watoto, uliza: nikipepea, moto huu utazima au utawaka? Wote watajibu utawaka, maana hakuna mtoto wa pwani ambaye hajawahi kutumwa kupepea jiko. Pepea waone cheche. Halafu waambie kwamba katika hadithi hii kuna mlima unaowaka moto usiku na mchana, na kuna mwanamke, ndiye binti wa jina la filamu, mwenye kipepeo kinachozima moto. Wachina wenyewe wanakiita kipepeo cha jani la mgomba. Hapo nyuso zao zitabadilika. Wanajua jinsi kipepeo kinavyofanya kazi, kwa hiyo wanajua muujiza huo ni mkubwa kiasi gani. Baadaye, Mfalme Nyani, mmoja wa wasafiri wanaotaka kuuvuka mlima huo, atakapopewa kipepeo cha uongo na moto ukazidi, hutahitaji kueleza neno. Watapiga kelele wenyewe: "Hicho ni cha jikoni!"

Majina yaandike ubaoni mapema. Mtawa ni Tang Sanzang, anayesafiri kwenda magharibi kuchukua vitabu vya dini ya Buddha. Waambie watoto wakubwa kwamba nyuma ya hadithi yupo mtawa wa kweli, Xuanzang, aliyekwenda India katika karne ya 7 na kurudi na vitabu hivyo. Watu wakaisimulia safari yake vizazi na vizazi, wakaongeza majini na mazimwi, hata katika karne ya 16 ikawa riwaya nene. Filamu imechukua kipande kimoja tu cha riwaya hiyo. Wanafunzi wa Tang Sanzang ni watatu: Sun Wukong, ambaye kwangu ni Mfalme Nyani, Sha Wujing, na Zhu Bajie, mwenye uso wa nguruwe. Huyu wa mwisho mtaje kwa jina lake. Nilipomwita Nguruwe, watoto wa mtaani kwetu walishtuka na kucheka robo saa nzima, na bibi mmoja akaniuliza mtawa gani huyo anayefuatana na mnyama huyo. Nikisema Bajie, wanamwona alivyo: mlafi, mzito, lakini mwenye moyo.

Shuka liwe jeupe na lipigwe pasi vizuri, maana mkunjo mmoja unapita katikati ya uso wa binti. Funga mawe kwenye pindo la chini. Usiku mmoja upepo wa bahari ulilijaza shuka sekunde ileile binti alipompepea Nyani akaruka mbali, na watoto wa mbele walikimbia hadi mlangoni. Nilifurahi sana, lakini projekta ilikuwa karibu kuanguka. Spika iweke pembeni ya shuka, wewe ukae nyuma ya watoto. Sauti yako itoke nyuma yao, ya filamu itoke mbele, ndipo watakapoacha kukugeukia.

Sasa kusimulia kwenyewe. Mwanzoni sema zaidi: nani ni nani, mlima uko wapi, kwa nini msafara hauwezi kupita. Nyani anapojigeuza mdudu na kuingia tumboni mwa binti, nyamaza kabisa. Binti anavyojikunja kwa maumivu ni uchoraji bora mno, na watoto wanaelewa maumivu ya tumbo kwa lugha yoyote. Bajie anapojifanya Mfalme Fahali, mume wa binti, sema sentensi moja tu: "Huyu si mumewe." Itoshe. Kipepeo kinapopatikana na kupotea tena kwa hila, usiwatulize. Waache wakasirike.

Kata filamu mara tu baada ya kipepeo cha uongo. Leta maji, waende msalani, na hapo ndipo pa kusema habari za vita, kwa kifupi. Shanghai ya wakati huo ilikuwa imezungukwa na jeshi la Japani tangu 1937. Kilichobaki ni vitongoji vilivyoshikwa na mataifa ya kigeni, watu wakaviita kisiwa cha upweke. Humo ndimo ndugu Wan walimochora, baada ya katuni ndefu ya Walt Disney kuhusu Snow White kufika mjini na kuwatia hamu ya kutengeneza yao ya Kichina. Ukishasema hayo, usifafanue Mfalme Fahali ni nani. Katika filamu, wanafunzi wa mtawa wanashindwa kila mmoja kwa zamu yake, halafu wanakijiji wenyewe wanashika zana na kwenda nao kupigana na fahali. Mvulana mmoja wa darasa la sita aliniambia pale pale, kabla fahali hajaanguka: "Mwalimu, hao ni watu wa Shanghai." Sikuwa nimemwambia.

Filamu ilifika hata Japani, mwaka 1942, na kati ya vijana walioiona alikuwamo Osamu Tezuka, ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji mkubwa wa katuni wa nchi hiyo. Hilo nawaambia wakubwa tu.

Katika nusu ya pili, wape kazi ya macho. Ili kuokoa fedha, ndugu Wan waliwapiga picha waigizaji halisi, kisha wachoraji wakafuatisha miili yao picha kwa picha. Katika nyuso kadhaa utayaona macho ya mtu wa kweli yakichungulia kutoka ndani ya mchoro. Atakayeyaona anyooshe mkono. Usiwaonyeshe wewe, furaha yote iko katika kuyagundua.

Kesho yake, wafanye wao. Piga video fupi kwa simu, mtoto mmoja akikimbia huku amebeba kipepeo. Ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, simamisha picha, weka karatasi nyembamba juu yake na fuatisha kwa penseli laini, polepole, kidole kisiguse kioo. Sogeza video kidogo, fuatisha tena. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika 73 ni picha 105,120. Fanya hesabu hiyo ubaoni pamoja nao, hata kama mchoro mmoja huweza kurudiwa kwenye picha mbili au zaidi. Kwa watoto, michoro 12 kwa sekunde inatosha. Bana karatasi upande mmoja kwa kibanio cha nguo, kisha zipitishe haraka kwa dole gumba.

Kundi letu lilichora 24. Saa tatu za kazi, vidole vyeusi kwa penseli, mdogo wao akikimbia na kipepeo kwa sekunde mbili kamili. Waliipitisha tena na tena, wakigombea nani ashike, mpaka adhana ya Magharibi.