Unga wa jiwe jeusi shambani: nilivyofanya Kisesa

Mimi nagonga kokoto, tena nalima mihogo na mahindi. Nilidhani vumbi la mawe yangu, likimwagwa shambani, lingetosha kuvuta kutoka angani hewa ya ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani. Wapi! Mawe yetu mengi hapa Mwanza ni graniti, yale yenye chenga zinazong'aa, na mvua huyala polepole mno. Linalotakiwa ni jiwe jeusi, zito, la asili ya volkano, kama yapatikanayo upande wa Geita.

Mvua hushuka ikiwa imebeba hewa ya ukaa, inakuwa na uchachu kidogo kama soda. Uchachu huo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu za jiwe, na hewa ile inageuka bikaboneti, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini, ambayo husafiri na maji hadi ziwani, ikashika Nile pale Jinja kwenda baharini. Jiwe zima lingechukua muda mrefu sana, ndiyo maana tunatumia unga.

Nunua vumbi la mashine ya kokoto inayosaga jiwe jeusi. Marudio ya makarasha ya dhahabu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa kutafuta dhahabu, usiyaguse hata ukipewa bure: yana zebaki, mengine aseniki, zote sumu, na mihogo hiyo wataila wanao. Chekecha. Ukiusugua vidoleni na bado unakwaruza kama mchanga, huo bado.

Kabla ya kumwaga, pima udongo. Nusu kikombe cha udongo, kikombe kizima cha maji ya mvua, koroga, subiri nusu saa, chovya karatasi ya pH, ile inayopima uchachu: chini ya 7 ni uchachu. Usitumie maji ya ziwa, hayo yatakudanganya. Luseni yangu ya kilimani, yaani udongo wa kichanga, ilisoma 5. Mbuga nyeusi ya bondeni, ule udongo mzito wa mfinyanzi, iache. Haina uchachu wa kutosha kula jiwe.

Mwaga Septemba au mapema Oktoba, mvua zikinukia. Eneo la mita 10 kwa 10 niliweka unga kilo 200, sawa na uzito wa mifuko minne ya saruji, nikachanganya kwa jembe kina cha kiganja. Lowesha unga kwanza, funga pua na mdomo. Mara ya kwanza niliumwaga mkavu, upepo wa ziwa ukaupeleka wote kwenye nguo za jirani alizoanika. Nikakohoa siku tatu, naye akaninunia wiki nzima. Vumbi la mawe huharibu mapafu, msilifanyie mzaha.

Acha kipande kimoja bila unga, ukilinganishe. Baada ya msimu mmoja kwangu karatasi ilifika 5.5, kile kipande kikabaki 5. Mahindi sikuona tofauti.

Halafu piga hesabu ya usafiri. Kilo 200 hizo, hata zikiyeyuka zote, na ni kazi ya miaka, hazivuti zaidi sana ya kilo 60 za hewa ya ukaa. Lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7. Ndiyo maana mifuko yangu ilipanda kwenye kanta, lori dogo lililokuwa linarudi Mwanza tupu, ili dizeli ya safari isile faida yote.