Makumbusho ya mpira na misosi ya Manchester: jinsi ya kuzunguka siku 2 bila papara

Naishi kaskazini mwa Uingereza miaka kadhaa sasa, na kila mwaka napokea wageni kutoka nyumbani, Dar, Tanga, wengine Mombasa, na karibu wote wanakuja na ombi lile lile, nipeleke Old Trafford, uwanja wa Manchester United wenye makumbusho yake ndani. Nimeshazunguka na watu wengi mpaka najua ni saa ngapi wanachoka na wapi njaa inawauma. Kinachowaponza ni kutaka kumaliza kila kitu siku moja, picha hapa picha pale, usiku ukiwauliza wameona nini wanakuonyesha simu. Mpango wangu ni siku 2, makumbusho moja kwa siku, na chakula kinapangwa mapema kama vile unavyopanga tiketi.

Hatua ya 1: Angalia ratiba ya mechi kabla hujalipia kitu chochote

Siku ya mechi hamna ziara ya ndani ya uwanja. Hilo wengi wanalijua, wasilolijua ni kwamba ratiba ya ligi inayotoka kabla ya msimu sio ya mwisho, televisheni zinahamisha mechi kutoka Jumamosi kwenda Jumapili au Jumatatu usiku, na katikati ya wiki kuna makombe. Binamu yangu alipanga safari yake yote kuzunguka Jumapili moja, kwa uwanja mwingine sio huu, mechi ikasogezwa hiyo hiyo Jumapili na kesho yake asubuhi ana ndege. Akaishia kupiga picha geti. Kwa hiyo hesabu siku 3 mjini ili utumie 2, angalia ratiba unapopanga, angalia tena wiki chache kabla, alafu ndo unanunua tiketi ya ziara kwenye tovuti ya klabu yenyewe. Wikiendi na likizo za shule nafasi zinaisha haraka.

Viza omba mapema, sitaingia huko.

Hatua ya 2: Jifunze tramu siku ya kwanza

Tramu za Manchester ni za njano na vituo havina mageti, unagusisha kadi ya benki kwenye mashine pale kituoni ukipanda, na UNAGUSISHA TENA ukishuka. Wageni wangu wengi wanasahau hiyo ya pili na wanakatwa nauli kubwa kuliko waliyostahili. Kila mtu na kadi yake, msichangie. Na beba koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka, manyunyu ya huku hayapigi hodi.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, anza na National Football Museum

Iko katikati ya mji, jengo la vioo lenye paa la mteremko linaitwa Urbis, karibu na stesheni ya Victoria. Makumbusho haya yalianzia Preston mwaka 2001, yakahamia hapa 2012. Tiketi inalipiwa, ila wakazi wa jiji la Manchester wanaingia bure, kwa hiyo kama mwenyeji wako anaishi ndani ya jiji mwambie aje na uthibitisho wa anwani.

Kwanini naanza hapa na sio Old Trafford? Kwa sababu hapa unaona mpira wote, sio wa klabu moja, na kesho ukifika uwanjani unaelewa zaidi. Nenda kwanza kwenye mpira wa fainali ya Kombe la Dunia 1966. Geoff Hurst wa England alifunga 3 siku ile na ndiye aliyepaswa kuondoka nao, lakini Mjerumani Helmut Haller akaubeba, ukakaa Ujerumani miaka 30 mpaka 1996. Kuna watu wanakuja wakitafuta jezi ya Maradona ya 1986, ile ya goli la mkono, jezi hiyo ilikaa hapa kwa mkopo miaka mingi lakini iliuzwa mwaka 2022 zaidi ya pauni milioni 7, kwa hiyo msiitafute.

Alafu tafadhali simama kwa Lily Parr. Sanamu yake iliwekwa 2019, sanamu ya kwanza ya mwanamke mcheza mpira Uingereza. Alikuwa winga wa Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha Preston, na tarehe 26 Desemba 1920 timu hiyo ilijaza uwanja wa Goodison Park watu 53,000. Mwaka mmoja haukupita, Desemba 1921, chama cha soka cha England kikapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya vilabu vyake, na marufuku ikadumu karibu miaka 50. Nimesimama hapo na mpwa wangu anayecheza timu ya shule, miaka 14, akasoma maandishi yote kimya kimya akarudia tena kutoka juu. Hakuuliza kitu, aliendelea tu kuangalia ile sanamu.

Mtu mwingine wa kumjua kabla hujafika ni Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra mwaka 1865, kipa, mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa duniani kwa rekodi zilizopo. Alikufa maskini 1930 na kaburi lake halikuwa na jiwe mpaka 1997. Makumbusho haya yalimuingiza kwenye orodha ya magwiji 2003. Watoto wetu wanapaswa kulijua jina hilo kama wanavyojua ya kina Drogba.

Masaa mawili na nusu yanatosha, toka kabla miguu haijagoma.

Hatua ya 4: Mchana, wali na mchuzi tatu

Hapa ndo napenda kuliko mahali popote. Tembea dakika chache mpaka mtaa wa Northern Quarter, kuna vimigahawa vinauza kitu ambacho wenyeji wanakiita wali na tatu, yaani sahani ya wali na mchuzi wa aina 3 unaochagua mwenyewe kaunta. Vilianza kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo na maghala, wengi wenye asili ya Pakistan na India, watu waliotaka kula kama nyumbani wakashiba na kurudi kazini. Kwa kifupi ni mama ntilie. Maarufu ni This & That, kimejificha kwenye kichochoro cha Soap Street tangu 1984, ukipita haraka hukioni.

Utaratibu: usianze na foleni, tembelea kwanza masufuria kwa macho. Chukua kimoja cha nyama, kimoja cha dengu au maharage, kimoja cha mboga. Ukichukua nyama zote tatu michuzi inagombana kwenye sahani na mwisho unasikia pilipili tu. Wanamwagia juu ya wali moja kwa moja, kama hupendi michuzi kuchanganyika sema mapema. Mara ya kwanza niliyomleta mama yangu mdogo alikuwa na siku 4 anakula mikate, alivyoona mvuke wa ule wali na mchicha uliopikwa mpaka ukalegea alinyamaza, akala, akasema tu "hapa tutarudi". Tulirudi kesho yake.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Old Trafford

Tramu ya kwenda Altrincham, shuka kituo cha Old Trafford. Sasa sikiliza, uwanja utakaouona ukishuka ni wa KRIKETI, unaitwa jina hilo hilo. Usianze kupiga picha. Wa mpira uko mwendo wa kama dakika 10, nyoosha barabara ya Warwick mpaka inageuka kuwa Sir Matt Busby Way.

Fika nusu saa kabla ya ziara yako na usiingie ndani kwanza. Zunguka nje uione saa ya Munich ukutani, imeandikwa tarehe 6 Februari 1958. Timu ya United ilikuwa inarudi kutoka Belgrade baada ya sare ya 3-3 na Red Star, ndege ikatua Munich kujaza mafuta, ikashindwa kuruka mara 2, mara ya 3 theluji iliyoyeyuka kwenye njia ikaivuta, ikapata ajali. Walikufa watu 23, wakiwemo wachezaji 8. Mmoja wao, Duncan Edwards, miaka 21, alipigania uhai siku 15. Kipa Harry Gregg alirudi ndani ya mabaki ya ndege akamtoa mtoto mdogo na mama yake mjamzito.

Alafu nenda kwenye sanamu ya Best, Law na Charlton, wachezaji wa zamani wa United. Bobby Charlton alinusurika Munich akiwa na miaka 20, na miaka 10 baadaye, Mei 1968, alifunga mawili Wembley, fainali ya Kombe la Ulaya, United ikiipiga Benfica 4-1. Ukishaijua hiyo, kombe la 1968 ndani ya makumbusho hutalipita kama kikombe tu. Mzee mmoja niliyemleta, Simba damu, hana habari na United, alivua kofia mbele ya majina ya waliokufa Munich na akakaa hivyo mpaka tulipoondoka.

Ndani ya ziara utapelekwa vyumba vya kubadilishia, njia ya kuingilia uwanjani na majukwaani. Kaa karibu na muongozaji, wa nyuma hawasikii kitu.

Hatua ya 6: Chipsi, lakini uliza mafuta

Barabara ya Chester, karibu na uwanja, kuna duka la samaki na chipsi lenye jina la Lou Macari, aliyewahi kuchezea United. Hapo au popote, kwa Muislamu au Mhindu swali la kwanza ni mnakaangia mafuta gani, maana maduka kadhaa ya kaskazini yanatumia mafuta ya ng'ombe. Niliwahi kumpeleka mjomba duka moja bila kuuliza, akajua akiwa katikati ya sahani, akaweka uma chini. Iliniuma sana, na tangu hapo nauliza mimi kabla mgeni hajakaa.

Hatua ya 7: Usiku, Rusholme

Panda basi 142 au 143 kutoka Piccadilly Gardens, shuka Rusholme, Wilmslow Road, wanapaita Curry Mile. Nenda baada ya magharibi, mchana panapoa. Zamani walitawala Wapakistani na Wabangladeshi, saivi kuna Waarabu, Waafghani, Wakurdi, moshi wa mishikaki unakupokea kutoka kituoni. Usiingie pa kwanza anapokuvuta mtu wa mlangoni, tembea mtaa mzima upande mmoja, rudi upande wa pili, ukiona familia zimejaa na mkate unatoka kwenye tanuri mbele yako, kaa hapo. Agizeni sahani moja ya watu wawili kwanza, ni kubwa kuliko mnavyodhani.